Shavu Juu ya Bati: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Msasa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mwenzetu wa idara ya rangi, ambaye karakana nzima inamwita Mama Msasa, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mpokea magari. Nakaa dirishani, na kwa miaka ishirini na miwili kila gari lililokwaruzwa limepita kwangu kabla ya kumfikia yeye. Afisa utumishi alitaka ukurasa mmoja. Nimemwomba aongeze karatasi.

Kwa wageni wetu ambao siku zote mmeyaona magari yakitoka yanang'aa bila kujua yaliingiaje, niwaeleze kidogo. Mkwaruzo mwepesi unaishia kwenye vanishi ya juu. Unapigwa polishi, mwenye gari anakwenda zake. Mkwaruzo wa kina unakata vanishi, unakata rangi, unakata praima iliyo chini ya rangi, unafika kwenye bati lenyewe, na ukiuacha unaanza kula kutu. Mama Msasa huupima kwa ukucha. Ukucha ukiteleza, ni polishi. Ukucha ukinasa, hapo kuna kazi ya siku nne au tano: kusugua kwa msasa mpaka kingo zilale, kuzuia kutu, kuziba bonde kwa ujiuji mzito uitwao puti, kusubiri, kusugua, kupuliza praima, kusubiri, kusugua tena, rangi, vanishi, halafu kusubiri kuliko kote. Wengi wetu mikono tunayo, subira ndiyo hatuna.

Yeye anayo, na asiye nayo humlazimisha. Juu ya kila bati linalokauka hubandika utepe wa karatasi ulioandikwa siku na saa ambayo mtu anaruhusiwa kuligusa. Hapo hakuna cha mkubwa wala mdogo. Mkurugenzi wetu alilijua hilo wiki yake ya kwanza, alipobonyeza boneti kwa dole gumba ili aone kama limekauka. Halikuwa limekauka. Mama Msasa aliitazama ile alama, akamtazama bosi wake mpya, kisha akamkabidhi karatasi ya msasa na ndoo ya maji. Mkurugenzi akakunja mikono ya shati, akaitupia tai begani, akaisugua alama ya dole gumba lake mwenyewe kwa saa nzima. Siku hizi anawasimulia wageni kisa hicho kwa fahari, na kila mwaka boneti linazidi kuwa kubwa.

Mama Msasa hakuja hapa kama fundi. Aliajiriwa kufagia. Fundi rangi wa wakati huo, marehemu sasa, alikuwa mtu mkali asiyependa kusemeshwa akiwa kazini. Siku moja Mama Msasa akipangusa vumbi kwenye mlango uliokuwa tayari kwa rangi, alimwambia kwa adabu kwamba pale chini ya kitasa pana bonde la ukubwa wa punje ya maharage. Marehemu alicheka, akapuliza rangi. Rangi ilipokauka, bonde likaonekana na kila mtu. Kesho yake asubuhi alimnyang'anya ufagio mbele ya watu, akampa msasa, na jina likabaki hapo hapo.

Kuanzia siku hiyo vidole vyake vilikuwa kipimo chetu. Alikuwa akifumba macho, anapitisha ncha za vidole juu ya bati taratibu, anasimama mahali ambapo sisi hatukuona chochote, anachora duara kwa chaki. Tulikuwa tukibishana naye mwanzoni. Baadaye tuliacha, maana kushindwa kila siku kunachosha. Fomu ya kila gari ina mstari mmoja wa sahihi ya fundi rangi, na kanuni yetu inasema anayetia sahihi awe amelipima bati kwa mwili wake mwenyewe na kuridhika. Sahihi yake ilikuwa ikitosha. Mimi nilikuwa nakabidhi funguo bila hata kutoka nje kuangalia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwenyewe ameniruhusu kuliandika, tena akasema nikilipaka rangi atalisugua.

Miaka mitatu iliyopita, gari la mwalimu wa udereva lilirudi. Lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, tumeutengeneza, na wiki tatu baada ya kukabidhiwa ule mstari ukajitokeza tena chini ya rangi mpya. Jambo hilo hutokea puti isipokaa sawa, au isiposuguliwa ikalingana na bati: inanywea polepole, na rangi inaifuata. Kwenye idara ya Mama Msasa halikuwahi kutokea. Mwalimu hakugomba. Alisema tu kwamba yeye huwafundisha watu kutazama vioo, na kwenye kioo chake cha pembeni anauona ule mstari kila siku.

Kwenye kikao cha asubuhi nilikaa karibu na Mama Msasa. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyemnong'oneza aseme kopo la puti lilikuwa bovu. Makopo huharibika, nani angeuliza? Alinitazama kama vile nimebonyeza boneti bichi. Kisha akasimama, akaeleza kwamba puti haikuwa na tatizo. Tatizo ni vidole vyake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umempunguzia hisia kwenye ncha za vidole vya mkono wa kulia kwa miezi sita, na mkono wa kushoto ulikuwa unafuata. Aliupitisha mkono juu ya ubavu wa gari lile, hakusikia kitu, akadhani ni kwa sababu hakuna kitu. Akatia sahihi.

Nilitamani ardhi ipasuke, na wala kosa halikuwa langu.

Mkurugenzi alimheshimu sana, na kwa sababu hiyo alitaka kumwondolea aibu. Akamwambia, "Dada, nenda stoo. Utunze makopo, ukae, usubiri muda wako kwa raha." Ilikuwa imebaki miaka mitatu. Mtu mwingine angeshukuru. Mama Msasa alijibu kwamba stoo ni mahali pazuri kwa makopo, yeye ni fundi, na aliomba apewe miezi mitatu. Akaandika na masharti mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kuwekewa: kila bati atakalotia sahihi likaguliwe na watu wawili, na gari moja tu likirudi, atakwenda stoo bila kusindikizwa.

Wakaguzi tuliteuliwa msimamizi wa mafundi bati na mimi.

Ile miezi mitatu sijawahi kuona mtu amekaza moyo namna ile. Alianza na unga mweusi. Anaupaka juu ya praima yote, kisha anasugua. Palipo juu unga unatoka, palipo na bonde unabaki, na jicho linaona kile ambacho kidole hakikisikii. Kazi iliyokuwa ikimchukua saa moja ilimchukua tatu. Hakulalamika, ila alikataa katakata kusaidiwa kubeba ndoo. Lakini unga hauonyeshi kila kitu, hasa juu ya vanishi iliyokwisha kauka. Akajaribu kifundo cha mkono, upande wa ndani. Akajaribu mkono hadi kwenye kiwiko. Mwisho siku moja nikiwa dirishani nikamwona amevua kilemba, ameinama, ameliweka shavu lake kwenye mlango wa gari na kulipitisha kutoka bawaba hadi kitasa, macho amefumba.

Shavu lilikuwa zima. Shavu lilisikia hata unywele.

Lawama za wateja zilianza wiki hiyo hiyo, na zote zilikuja kwangu. Bwana mmoja aliniuliza kwa wasiwasi kama gari lake limeharibika kiasi cha kuliliwa. Mwingine alitaka kujua huyo mama anasikiliza nini mle ndani, na kama ni injini, mbona yuko kwenye mlango wa nyuma? Mumewe, shemeji yetu ambaye hajakosa sherehe hata moja ya karakana hii, alikuja kumchukua mchana mmoja, akasimama kumtazama, kisha akanisogelea. Alisema ameoa miaka thelathini na hajawahi kuegemewa shavu mara nyingi hivyo kwa siku moja. Nilimshauri aende akakwaruzwe.

Miezi mitatu ikaisha. Halikurudi gari hata moja. Mimi na msimamizi tulikataa mabati mawili kwa ujuaji wetu, na yote mawili ikadhihirika kwamba alikuwa sahihi yeye. Siku ya mwisho mkurugenzi aliichana ile karatasi ya masharti mbele ya kikao. Mama Msasa aliokota vipande, akasema sakafu hii aliifagia yeye miaka miwili na anaijua thamani yake.

Tangu hapo, kwa karibu miaka mitatu, ametia sahihi mabati mia nne na kumi na mawili, na hakuna hata moja lililorudi. Amewafundisha mafundi watatu waliopo idarani leo, wawili wanawake na mmoja mwanamume mwenye ndevu, ambaye alilazimika kuzinyoa upande mmoja wakati wa mafunzo. Wote vidole vyao ni vizima, na wote wanapima kwa shavu, kwa sababu yeye anasema mtu asingoje apoteze kitu ndipo ajue ana kingine. Mwalimu wa udereva alitengenezewa gari lake upya. Ameshaleta wanafunzi wake kumi na mmoja, ambao kwa kweli wanatuletea kazi ya kutosha.

Nilidhani wasifu ungeishia hapo, nikaupeleka kwa mchapaji Jumatatu. Jumanne nikaenda kuuchukua tena.

Gari lake la mwisho lilikuwa la mkunga, gari dogo la kijivu. Ndoana ya geti ilikuwa imeuchana mlango wa nyuma hadi kwenye bati. Jumanne mchana kazi ilikuwa imekwisha. Msimamizi wa mafundi bati alipita, akaridhika. Mimi nikapita, nikaona sura yangu tu, ambayo si ya kufurahisha lakini ilikuwa imenyooka. Mkunga alikuja, akapendezwa, akashika funguo. Mama Msasa aliinama mara moja ya mwisho, naamini ilikuwa ya kuaga tu. Akabaki ameinama. Kisha akanyoosha mkono kwa mkunga na kuomba funguo zirudi.

Alisema kuna uzi, mstari mwembamba chini ya rangi. Msimamizi hakuuona. Mimi sikuuona. Wale mafundi watatu waliweka mashavu yao mmoja mmoja, wakatazamana, hawakusikia kitu. Mkurugenzi akaitwa. Alimwambia kwa upole kwamba wiki hii ni yake, keki imeshaagizwa, mwenye gari ameridhika, na mlango unapendeza. "Dada, uachie." Mama Msasa akamjibu, "Nikiuachia leo, utajitokeza mimi sipo. Atakayelaumiwa ni hawa watoto." Hawa watoto mkubwa wao ana miaka arobaini na sita.

Akachukua msasa. Alisugua vanishi yake mwenyewe, rangi yake mwenyewe, praima yake mwenyewe, wiki nzima ya kazi ikateremka na maji kwenye sakafu. Nitasema kweli, nilikuwa nikiomba kimoyomoyo pawe na kitu, maana kama hapana, basi anaondoka akiwa mtu asiyeamini tena mikono wala shavu lake, na sisi tutakuwa tumemtazama. Alipofika kwenye puti alisimama, akamwita yule wa ndevu. Kwenye puti kulikuwa na mkunjo wa hewa, mwembamba kama ncha ya sindano, mrefu kama punje ya mchele. Wiki tatu, nne, ungezama na mstari ungerudi. Mafundi watatu wakainama kuutazama, na hakuna aliyecheka.

Alianza upya Jumanne ile ile jioni. Sasa hesabuni wenyewe: puti, praima, rangi, vanishi, na kusubiri kuliko kote. Mlango utakuwa tayari kupimwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mama Msasa anastaafu Ijumaa saa kumi. Afisa utumishi amefungua kanuni zote na kuthibitisha kwamba mstaafu haruhusiwi kuingia karakana isipokuwa kama mgeni. Mkurugenzi amefungua kanuni zile zile na kuthibitisha kwamba hakuna panapokataza mgeni kutia sahihi.

Dada yetu Mama Msasa, kwa niaba ya mafundi bati, mafundi umeme, mafundi rangi, stoo ambayo hukuwahi kuikalia, ofisi ya mkurugenzi na dirisha langu, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja. Ahsante kwa magari. Ahsante zaidi kwa asubuhi ile uliyosimama kwenye kikao na kukataa uongo niliokunong'oneza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na shemeji asiye na mkwaruzo. Uishi vema, mama, na upumzike kwa furaha, kuanzia Jumanne.

Jumatatu pitia dirishani kwangu. Kitabu cha wageni nimeshakijaza: jina lako, saa mbili kamili, na kwenye nafasi ya sababu ya kuja nimeandika "fundi".