Karamu ya Kuandikia

Miaka ile kambi za wakimbizi zilipojaa Ngara, Kalista alipanda pikapu ya kutoka kijiji cha Mabawe kwenda mjini, akaketi juu ya gunia lake la maharage. Mbele yake bibi mmoja alikuwa akimfokea bwana wa semina ya kompyuta.

"Sikushindwa! Mwalimu wenu alisema neno la siri ni karamu. Nikaandika karamu kwa kidole hiki cha jembe, mashine ikakataa mara tatu."

"Ni kalamu, mama. Ya kuandikia."

"Si ndivyo nilivyosema? Karamu ya kuandikia!"

Kalista naye hakusikia tofauti yoyote. Akaona bwana ana ubishi wa bure.

"Halafu mkaandika kwenye ripoti kwamba wazee hatufundishiki! Mimi nilikuja kumtafuta kaka yangu aliyepotelea Burundi vitani. Mlisema orodha ya wakimbizi imo humo kwenye mashine."

Bwana akafungua daftari. "Basi nitamtafuta mimi, mama. Anaitwa nani?"

"Raurian."

Bwana akaandika R. Bibi akachungulia, akalipiga daftari kofi.

"Futa! Kaka yangu anaanza na ile herufi uliyonisahihisha kwenye karamu yenu ya kuandikia. Haya, nani hafundishiki?"

Pikapu ikasimama sokoni. Bwana akashuka akipapasa mifuko, akitafuta kifutio.