Harlan Tiesenga, 1938–2015, na Ukweli wa Picha ya Ziwa Minnick

Kwa miaka kumi na miwili imesemwa hapa Borgum, kwenye duka la chambo na hata kwenye ngazi za kanisa, kwamba Harlan Tiesenga alimsaliti rafiki yake ili aonekane gazetini. Si kweli. Kabla hajafukiwa, isemwe wazi: Harlan hakuwahi kuvunja neno alilompa mtu. Neno hilo lilivunjwa na mtu mwingine, naye atatajwa hapa kwa jina.

Harlan alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la baba yake, Siert Tiesenga, maili tatu kaskazini mwa Borgum, kaunti ya Allegan, Michigan, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Alisoma shule ya kanisa mpaka darasa la nane, kisha sekondari ya Borgum, alikomaliza mwaka 1956. Walimu wake waliandika kwamba alikuwa mtu wa taratibu mno. Walikuwa sahihi, ingawa hawakukusudia kumsifu.

Mwaka 1958 aliajiriwa kuendesha lori la maziwa, akaliendesha miaka arobaini na miwili. Kila asubuhi alizunguka mashamba ishirini na matatu, akipima joto la maziwa kabla ya kuyapokea. Njia yake ilipita kando ya vijiziwa kumi na vinne, na macho yake hayakulala. Alijua barafu inakoyeyuka kwanza: kwenye vighuba vya upande wa kaskazini, penye mabua ya mwaka jana na tope jeusi linalonyonya jua. Humo alichovya kipimajoto chake kikuukuu cha maziwa. Kikisoma nyuzi hamsini na tano za Farenhaiti, alijua samaki aina ya krapi wameingia maji ya kina kifupi kutafuta pa kutagia. Wavuvi wengine walifuata uvumi. Yeye alifuata kipimajoto.

Ghuba iliyozidi zote aliipata Aprili 1979 katika Ziwa Minnick, akiwa na Verlyn Postma, fundi wa pampu, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Krapi ana mdomo laini kama karatasi. Ukimvuta kwa pupa unachanika. Verlyn alikuwa na pupa.

"We Verlyn, unavua samaki au unang'oa visiki?"

"Vua wako, mzee wa maziwa. Huyo ataoza kabla hajafika kwenye mashua."

Walipeana mikono: samaki kumi kila mmoja, wakianza kulinda mayai waachwe, na mtu yeyote asiambiwe. Picha zote za samaki zilipigwa nyumbani, mbele ya mlango wa gereji, ili nyuma pasionekane ufuko wa kutambulika. Wavuvi wote wa huku hufanya hivyo. Mtoto wa miaka saba analijua hilo.

Tarehe 12 Juni 1964 Harlan alimwoa Leona Brandsma, mwalimu wa historia mwenye shahada ya chuo kikuu, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu. Walijaliwa binti mmoja, Corrine. Ilikuwa ndoa njema. Lakini Leona alikuwa na kasoro ambayo mumewe hakuwa nayo: alijali watu wanasemaje. Kwenye karamu za walimu aliulizwa, "Mumeo bado yuko na lile lori?" naye alicheka pamoja nao. Harlan hakulijua hilo, au alilijua akanyamaza.

Jumamosi, tarehe 3 Mei 2003, Leona alifuatana naye Ziwa Minnick kwa mara ya kwanza. Verlyn alikuwa kazini. Harlan alivua krapi wa inchi kumi na sita, na Leona akatoa kamera.

"Ngoja, mama. Tukapigie gerejini."

"Moja tu. Simama hivyo hivyo, leo umependeza."

Nyuma yake lilionekana ghala refu jekundu la nafaka, lililobonyea ubavuni; hakuna jingine kama hilo kaunti nzima. Bila kumwambia, Leona aliipeleka picha gazetini, ili wale walimu waone mumewe ni mtu wa namna gani. Ilitoka Alhamisi, bila jina la aliyeipeleka. Jumamosi ghuba ilikuwa na mashua kumi na tisa. Jumapili pia zilikuwapo, siku ambayo watu wa kanisa letu hawagusi ndoana. Wenye mashua hizo walizoa samaki waliokuwa wakilinda mayai, ndoo kwa ndoo. Miaka miwili baadaye waliobaki hawakuzidi urefu wa kidole.

Verlyn alikuja na gazeti mkononi. Leona alisikiliza nyuma ya mlango wa jikoni.

"Tulikubaliana nini, Harlan? Miaka ishirini na minne! Gazetini, bwana, na meno yote nje!"

"Imetoka nyumbani kwangu, Verlyn."

"Nyumbani kwako nani mwingine anavua?"

Harlan aligeukia mlango. Alipoingia ndani alimwambia mkewe, "Acha tu. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu kwa heshima. Mimi watanisema, kisha watachoka." Hawakuchoka. Na Leona, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa mji huu kusema kweli hata ikiuma, aliacha. Verlyn alihamia mabenchi ya upande wa pili wa kanisa, na Harlan akaiweka mashua yake chini ya turubai.

Novemba 2014 Harlan aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani. Jumamosi, tarehe 11 Aprili, aliuliza kama barafu imetoka, kisha akasema, "Mpigie Verlyn. Aje tu, tukae." Leona alishika simu. Alijua kwamba Verlyn akija, ukweli utasemwa. Akajibu, "Kesho." Jumapili alisema wageni watamchosha mgonjwa. Jumatatu Harlan hakuuliza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Aprili 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Basi iandikwe kwamba aliyeipeleka picha ile ni Leona Tiesenga, na aliyemwacha mumewe abebe lawama hadi kitanda cha mauti ni huyo huyo. Jina la Harlan halina doa.

Ameacha mjane, binti yake Corrine na mumewe, wajukuu wawili, dada yake Alma, anayesoma maneno haya, na Verlyn Postma, rafiki yake, ambaye Harlan alimwita, naye hakuambiwa kwamba ameitwa. Alale salama mikononi mwa Muumba wake.

Mjane hataongeza neno, hapa kaburini wala kwenye chakula cha kanisani. Asiulizwe.