Amedeus Mbawala, Fundi wa Breki wa Majengo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Saimon Mbawala, kaka wa marehemu, na haya ninayoyasoma niliyaandika kando ya kitanda chake, yeye mwenyewe akinitajia.

Amedeus alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Litisha, mtoto wa tatu wa mzee Bruno Mbawala na mama Lidwina Gama, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba mwaka 1967, kisha akajifunza umakanika, na mwaka 1974 akafungua gereji yake hapa Majengo. Tarehe 2 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Kunegunda Haule, wakajaliwa watoto watatu, Fortunata, Marcelino na Derick.

Watoto wameniomba sehemu inayofuata niiache, lakini marehemu aliisema akili zake zikiwa timamu, akanitaka nimsomee mara mbili.

Tarehe 19 Agosti 1997 alifunga masta mpya, yaani pampu ya mafuta ya breki, kwenye busta inayoongeza nguvu ya mguu wa dereva, katika Land Rover ya zamani, iliyoendeshwa na Daimu Muhsini wa Tunduru, na kwa kuwa abiria walikuwa na haraka, hakupima kijiti kinachotoka kwenye busta kuisukuma masta, ambacho hupaswa kuachiwa mwanya mdogo ili dereva akiinua mguu breki ziachie. Pedali ilikuwa juu na ngumu, kila mtu akaisifu. Baada ya mwendo mrefu breki zilipata moto, zikajishika zenyewe, gari likapinduka, na abiria mmoja, Azizi Bakili, akafariki. Ikasemwa kwamba Daimu aliendesha mguu ukiwa umelalia breki, akafungwa miaka mitatu.

Siku ya nne baada ya ajali Amedeus aliitwa kulivuta gari, akakuta magurudumu bado yamekaza, akalegeza nati mbili za masta, yakaachia. Hapo alijua kwamba kijiti hakikuwa na mwanya, kilikuwa kikiisukuma masta muda wote, na kosa lilikuwa lake. Alizikaza tena, akanyamaza.

Tangu hapo hakufunga masta yoyote bila kubandika nta kwenye ncha ya kijiti, ili unene unaobaki ikibonyezwa umwoneshe mwanya, lakini Daimu alipotoka gerezani alihamia Majengo, akawa anapita mbele ya gereji kila asubuhi na kumwamkia, naye kwa miaka ishirini na nne aliitikia marahaba, hawezi kusema, hawezi kuhama, ingawa Fortunata alimwita Dodoma mara nyingi.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Novemba 2023, akafariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla aliniambia, "Kaka, usiandike kwamba Daimu alinisamehe, hakujua cha kusamehe. Andika kwamba hakuwa na kosa."

Daimu Muhsini, uliyeketi pale pamoja na wabeba jeneza, hukuwa na kosa. Familia ya Azizi Bakili, aliyekosa ni ndugu yetu, nasi tutafika kwenu Tunduru baada ya matanga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Majengo na Mjimwema, na mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo. Amedeus, uliyoniagiza nimeyasoma yote, sasa pumzika kwa amani.