Siku Mama Dida Alipoanguka Kutoka Pikapu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Ekai. Mnaniona hapa kanisani Chechelesi kila Jumapili, lakini wengi hamjui Bwana alinitoa wapi.

Kwa miaka sita niliendesha pikapu ya tajiri mmoja kati ya Isiolo na Merti. Nyuma nilipakia magunia ya unga, na juu ya magunia, watu. Sheria niliijua. Afande mmoja kwenye kizuizi aliniambia, "Ekai, huko nyuma ni kwa mizigo. Mtu hana kiti, hana mkanda, ataanguka." Nilicheka tu. Kila asubuhi niliomba safari njema, kisha nikapandisha watu kumi na wawili juu ya unga.

Mama Dida ni mama Mwislamu wa kijiji cha Biliqo, muuzaji wa maziwa ya ngamia. Alinizoea, akaniita mwanangu. Siku hiyo aliketi juu kabisa, ameshika kamba. Karibu na mto mkavu watu waligonga paa la gari. Kumbe kamba ilikuwa imelegea. Mimi nilidhani kuna mtu anataka kushuka, na nilikuwa nimechelewa. Sikusimama. Gari likaruka shimo, nikasikia mayowe. Nilipofika nyuma, Mama Dida alikuwa chini mchangani, mguu umepinda mahali pasipo na goti.

Ndugu zangu, tulimlaza kwenye kiti cha mbele tukamrudisha hadi hospitali ya mjini. Tajiri akanipigia simu. "Sema alidandia bila wewe kujua." Nikakubali. Siku tatu sikuweza kuomba. Nikifunga macho nasikia paa likigongwa.

Siku ya nne nikaenda kumwona. Hakunilaumu. Alisema, "Polisi wameuliza nani alinipandisha. Nimewaambia Ekai atakuja kusema mwenyewe."

"Mama, nikisema nitapoteza leseni."

"Mimi nilikaribia kupoteza maisha, mwanangu. Nenda."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikalia, nikamwomba Yesu anipe nguvu ya kufika kituoni tu. Akanipa. Nilisema yote kwa polisi, nikayarudia mbele ya hakimu. Leseni ilizuiwa mwaka mzima, na tajiri akanifuta kazi. Lakini siku ile niliyotoka kituoni nilikula nikashiba, mara ya kwanza tangu ajali.

Mwaka ule nilibeba mawe ya ujenzi, na watoto wangu hawakulala njaa. Sasa naendesha tena, pikapu ya mtu mwingine, na nyuma ni mizigo pekee. Wengine husema Ekai ana roho ngumu, maana Merti ni mbali na jua ni kali. Nawaambia wangoje gari lenye viti. Mama Dida anatembea na mkongojo. Akisafiri nami anakaa mbele, mkanda kifuani, akinisimulia habari za ngamia wake.

Ndugu yangu, kama kuna jambo umelificha, mtumaini Yesu, uende ukaliseme. Mimi nilienda nikiogopa, nikakuta Mungu amefika pale kabla yangu.