Kadi Aliyoijaza kwa Kumbukumbu: Maisha ya Rabson Anania Mwasomola (1967–2025)

Tunayemsitiri leo hapa Iyela, Rabson Anania Mwasomola, alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Machi 1967 katika mtaa huu huu, hatua chache kutoka uwanja wa zamani wa ndege wa Mbeya. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu mzee Anania, mkulima wa viazi aliyekuwa pia akifyeka majani ya uwanjani, na marehemu mama Atuganile. Wa pili ni Tusekile, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma.

Utotoni Rabson alijulikana kwa jambo moja. Kila ndege iliyotua alikariri namba yake ya mkiani, na jioni wageni wakija nyumbani baba alimwita mbele yao na kumuuliza, "Ya Jumanne ilikuwa ipi?" Rabson alitaja herufi zote bila kumeza mate, wageni wakapiga makofi, naye akapewa kiazi kikubwa kuliko cha mdogo wake. Tulisema hakosei. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kwenda uwanjani kuhakiki.

Alisoma shule ya msingi hapa Mbeya kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari mjini Iringa hadi 1985. Mwaka 1987 alijiunga na mafunzo ya ufundi wa ndege Dar es Salaam, akahitimu 1990 na kufanya kazi huko kwa miaka ishirini. Tarehe 10 Septemba 1994 alifunga ndoa na Blandina Mgovano wa Kihesa, Iringa, binti aliyemfahamu tangu sekondari na aliyemkataa mara mbili kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa anajua kila kitu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jackline na Fred.

Mwezi Februari 2010 Rabson aliitwa Lomé, Togo, na shirika jipya la ndege lililoitwa Air Agou. Lilikuwa na ndege mbili za pangaboi, karakana ya mabati na mafundi saba. Ndege ziliruka kwenda Accra na Cotonou asubuhi na kurudi jioni, na usiku mafundi walizikagua taratibu. Barua zake za wakati huo zilikuwa za furaha. Alimwandikia Blandina kwamba huko wafanyabiashara wa vitambaa wanapanda ndege kama watu wa Mbeya wanavyopanda basi la Tunduma.

Shirika likakua kuliko mikono ya watu wake. Kufikia 2014 lilikuwa na ndege tisa na miji kumi na mmoja. Ndege ikitua ilikuwa na dakika ishirini na tano tu kabla ya kuruka tena, na kipuri kilichoagizwa Ulaya kilikaa bandarini wiki tatu. Basi mafundi wakafanya kama wanavyofanya mafundi wengi wenye haraka. Ndege moja iliyokuwa mbovu ilisukumwa nyuma ya karakana, wakawa wanaivua vifaa na kuwavika wenzake. Waliiita Bibi, kwa kuwa haikumnyima mtu. Sheria ilikuwa moja: kila kifaa kilichovuliwa kiwe na kadi inayoonyesha kimetumika kiasi gani.

Hapa ndipo marehemu aliagiza tusipite haraka. Aliandika sehemu hii mwenyewe kwenye daftari, na baba yetu mdogo, mzee Gideoni, juzi aliomba ifutwe. Alisema, "Mtu tunamsitiri. Hatumvui nguo makaburini." Tusekile naye, kusema kweli, alikuwa ameshashika kalamu ya kufutia. Aliyejibu ni mjane. Blandina alisema, "Miaka kumi nimelala na mtu aliyekuwa anaogopa karatasi hii. Isomeni." Kwa hiyo inasomwa.

Mwezi Oktoba 2014 ndege moja ilihitaji pini ya mguu wa kushoto, na abiria sitini na wanane walikuwa wanasubiri juani. Pini hiyo ni chuma kinachoshikilia mguu wa ndege. Kuchoka kwake hakuonekani kwa macho. Huhesabiwa kwa idadi ya mara ndege ilizotua, na kikomo ni elfu ishirini. Rabson aliivua kutoka kwa Bibi, lakini kadi yake haikuonekana. Msimamizi akauliza kama wasubiri. Rabson akajibu, "Hii niliifunga mimi mwenyewe. Naikumbuka." Akajaza kadi mpya: imetua mara 2,100. Mkaguzi akasaini chini yake bila kuuliza lolote, kwa sababu Rabson alikuwa hakosei.

Alikuwa amekumbuka vizuri kwamba aliwahi kumfunga Bibi pini mpya. Alichosahau ni upande. Mpya ilikuwa ya kulia. Ya kushoto ilikuwa imeshatua mara 19,400.

Tarehe 14 Agosti 2015, katika mji mdogo wa kaskazini na mvua ikinyesha, mguu wa kushoto ulivunjika ndege ilipogusa ardhi. Ndege iliacha njia na kushika moto. Watu kumi na mmoja walikufa, akiwemo rubani, Kapteni Efoe Adzaku, jirani yake Rabson na aliyemfundisha Kifaransa cha sokoni. Siku hiyo hiyo Rabson alikwenda nyuma ya karakana, akaingia chini ya Bibi, akaikuta pini ya kulia inang'aa. Aliulizwa mara mbili na wachunguzi. Mara zote mbili alitoa kadi, na kadi ilikuwa safi. Ripoti ikasema kapteni alishusha ndege kwa kasi mno kwenye mvua. Mke wa kapteni, mama Afi, alizomewa msibani na ndugu wa abiria. Rabson alikuwepo, amesimama nyuma, na hakusema neno.

Alirudi nyumbani Januari 2016 na hakupanda ndege tena maisha yake yote. Kule Kihesa alifungua karakana ya mashine za kusaga na pampu. Alitengeneza mashine za Idodi na pampu za wachimbaji wa Makongolosi, na kila moja aliifungulia kadi. Watu walimtania, wakamwita Mzee Kadi. Othmani, mfanyabiashara wa Iringa, aliwahi kumletea mashine aliyoitengeneza wiki mbili kabla. Kadi ilikuwa imesahaulika Idodi. Othmani alimwambia, "Fundi, si wewe mwenyewe uliifungua hii juzi? Utakuwa unakumbuka bwana." Rabson akamjibu, "Mimi sikumbuki kitu. Lete kadi." Mashine ikakaa siku mbili bila kuguswa. Othmani yuko hapa leo na amekiri kwamba aliondoka akimtukana moyoni. Sisi sote tulicheka kisa hicho, na sasa tunaona haya kwamba tulicheka.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Dar es Salaam na Mbeya kwa uvumilivu mkubwa, lakini kufikia Machi mwaka huu sauti ilikuwa imekwisha. Ndipo mtu aliyenyamaza miaka kumi alipoomba daftari. Aliandika siku kumi na tisa, na kila tarehe aliyoitaja alimtuma Fred kuihakiki kwenye barua za zamani. Alikata roho nyumbani Kihesa, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Blandina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake Tusekile, ambaye anampenda na amemkasirikia, na leo hawezi kutenganisha hayo mawili. Aliagiza pia watajwe wafiwa wa watu kumi na mmoja wa ndege ile, ambao hakuwajua majina yote na hakutaka kuyabahatisha.

Nakala moja ya karatasi hii, pamoja na kadi yenyewe ya mara 2,100 aliyoificha ndani ya Biblia yake, Jackline ataipeleka Lomé kwa mama Afi Adzaku, mkononi. Mstari wa mwisho wa daftari unasomwa kama ulivyo: "Kapteni Efoe alitua sawasawa."

Bwana ampumzishe kapteni kwanza, kisha na kaka yetu.