Unyoya na Betri Iliyochajiwa Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama redio iko jikoni, ongeza sauti kidogo. Kama hapo nyumbani kuna kijana anayeendesha pikipiki, mwite aje akae karibu. Hata kama analala, mwamshe. Atanuna, lakini atasikia.

Leo tunamkumbuka dereva wa pikipiki ambaye kijiweni walimwita Unyoya. Hata mama yake mzazi aliishia kumwita hivyo hivyo. Unyoya amefariki. Amefariki kwa moshi, ndani ya nyumba yao, mchana kweupe, kwa sababu ya betri iliyokuwa inachajiwa mlangoni. Nitayarudia maneno haya, msinichoke. Betri. Ndani ya nyumba. Mlangoni.

Mama yake hushona viti vya pikipiki. Kama kiti chako kimechanika na mvua inakulowesha makalio, ni mama kama huyu anayekuokoa. Anakata sponji, anaifunika kwa ngozi ya plastiki, anapitisha mshono. Kazi hiyo anaifanyia sebuleni. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Chumba cha mbele ni cherehani, marobota ya ngozi na sponji zimepangwa hadi kiunoni. Chumba cha ndani ni vitanda. Katikati hakuna mlango, kuna pazia. Humo ndimo alimolea watoto wake wawili, binti mkubwa na huyu Unyoya, kitinda mimba wake.

Mama anasema Unyoya alijifunza kutambaa kwa kukimbiza vipande vya sponji. Anasema, "Mtoto huyu alikuwa anakula uzi. Namgeuza kichwa chini, namtoa uzi mdomoni, yeye anacheka."

Sasa, kwa nini Unyoya? Wasikilizaji, jina hilo lilianza na goti. Kuna siku aliteleza kwenye mteremko wa matope, pikipiki ikamlalia mguu wa kulia. Goti lilipona, lakini halikupona vizuri. Akitembea kwenye tambarare huoni kitu. Akitaka kupanda, au kusukuma kitu kizito, au kupiga kiki ya kuwashia injini, goti linagoma. Na dereva wa pikipiki asiyeweza kupiga kiki anaitegemea stata ya kitufe peke yake. Na stata inaitegemea betri.

Basi kijana akaanza kupunguza uzito wa pikipiki, ili aweze kuisukuma. Alitoa vyuma vya pembeni. Alitoa kibebeo cha nyuma, akachomelea kingine cha bomba jembamba. Wenzake wakapata la kusema.

"Wewe, bado kichwa chako. Kitoe tuone kama itapaa!"

"Nitaanza na masikio yako," akawajibu. "Hayo tu ni kilo mbili."

Wakacheka mpaka abiria akawauliza kama kuna kazi hapo au kuna sherehe. Tangu siku hiyo, Unyoya.

Betri yake ya maji ilikuwa imezeeka. Asubuhi za baridi inakohoa tu. Akasikia habari za betri ya lithiamu, nyepesi, inayowasha pikipiki kwa mguso mmoja. Akajibana, akainunua. Jioni hiyo aliingia nayo nyumbani ameificha nyuma ya mgongo.

"Mama, fumba macho. Nyoosha mkono."

"Unaniwekea nini, panya?"

"Nyoosha kwanza."

Akamwekea kiganjani. Mama akafumbua macho.

"Hii ni betri au ni mkate?"

"Betri, mama. Ile ya zamani ukiibeba unatafuta pa kukaa. Hii naweza kuiweka mfukoni."

"Imekonda kama wewe," mama akasema. "Na huko ndani kuna umeme kweli?"

"Umejaa tele. Kesho nitakuwasha hata wewe."

Mama alimrushia kipande cha sponji. Leo akisimulia hapo, anacheka kidogo, halafu anaziba mdomo kwa kanga.

Wasikilizaji wapendwa, msimlaumu Unyoya kwa kubadilisha betri. Nasema tena, kubadilisha hakukuwa kosa. Alikwenda kwa fundi. Fundi akapima kwa mita umeme unaotoka kwenye injini kwenda kwenye betri, akakuta uko sawa. Akaifunga betri vizuri. Kisha akamwambia maneno, na maneno hayo fundi ametupa ruhusa tuyaseme hewani.

"Nilimwambia, Unyoya, ile chaja yako ya betri ya maji usiipeleke karibu na hii. Hii ina chaja yake. Na ikija ikaisha kabisa, ikalala kama imekufa, usiifufue. Niletee mimi. Akanijibu, sawa bosi. Nikamwambia si sawa bosi, sema umesikia. Akasema, nimesikia, fundi."

Na alikuwa amesikia. Ila alijiambia, chaja ya nini wakati pikipiki inatembea kila siku na kuichaji betri yenyewe? Ataitafuta baadaye. Nani kati yetu hana jambo la baadaye?

Miezi ikapita bila shida. Anagusa kitufe, inawaka. Hata goti likawa kama limesahaulika.

Halafu akaugua homa. Alilala siku nyingi, pikipiki imesimama ukutani. Ilikuwa na alamu ya kuzuia wezi, na alamu hainywi umeme mwingi, lakini hainyamazi kuunywa. Jumapili alipopata nguvu, akatoka, akagusa kitufe. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Betri ilikuwa imekwisha kabisa.

Kesho yake Jumatatu alikuwa na mzee wake. Kila Jumatatu alimpeleka mzee mmoja wa mtaa wa pili kusafishwa kidonda cha mguu. Mzee yule hakubali dereva mwingine, anasema wengine wanaendesha kama wanafukuzwa. Jumatatu iliyotangulia Unyoya alikuwa na homa, mzee hakwenda. Na gereji ya fundi Jumapili imefungwa.

Mama alimwona anavuta ile chaja kuukuu kutoka uvunguni mwa kitanda. Chaja yenye kitufe cha kufufulia betri zilizokufa. Ile betri ya maji aliifufua nayo mara nyingi.

Akamuuliza, "Si fundi alikukataza?"

"Mara moja tu, mama. Niitie moto kidogo iwake, kesho nikitoka kwa mzee napitia kwa fundi."

Hapa, wasikilizaji, nataka mnisikilize vizuri. Ile betri ya zamani haikuwahi kuchajiwa ndani. Ilikuwa nzito, ilikuwa inanuka, ilikuwa inachuruzika maji makali. Mama asingekubali ivuke kizingiti. Ilichajiwa nje, barazani, kwa waya mrefu. Lakini hii mpya ni safi. Haina harufu. Haina maji. Unaibeba kwa mkono mmoja, na mwizi pia anaibeba kwa mkono mmoja, kwa hiyo nani ataiacha nje? Ikaingizwa ndani. Soketi ya sebuleni iko pale pale mlangoni. Ikawekwa mlangoni.

Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mama akaona betri itakaa kwenye unyevu. Akachukua kipande cha sponji, akakitandika, akasema, "Iweke hapa, isilowe."

Binti yake mkubwa, ambaye siku ile hakuwa nyumbani, alimshika mkono mama aliposimulia hapo. "Mama, ungejuaje?"  Mama akaendelea kusimulia.

Wakaingia chumba cha ndani. Unyoya akajinyoosha kitandani, bado ana uchovu wa homa. Mama akakaa anachambua nyuzi. Walikuwa wanabishana juu ya mke. Mama alikuwa anamuuliza ataoa lini, yeye anajibu kwamba anasubiri mwanamke asiyezidi uzito wa pikipiki. Ndipo wakasikia mlio sebuleni. Kama sufuria ya mafuta ya moto iliyomwagiwa maji.

Unyoya aliinuka, akafunua pazia. Betri ilikuwa imevimba, inatoa moshi mweupe. Akakimbilia kuchomoa waya. Hakufika. Moto ulitoka kwenye betri kama unapulizwa, ukashika kile kipande cha sponji, kikashika marobota, na sponji, wasikilizaji, sponji haiungui kama kuni. Inayeyuka na kutoa moshi mweusi mzito. Mlango mmoja wa nyumba ulikuwa nyuma ya moto huo.

Walirudi chumba cha ndani. Kuna dirisha, liko juu, karibu na dari. Unyoya alichukua pasi ya chuma ya mama yake, akavunja vioo. Akainama chini ya dirisha.

"Mama, panda mgongoni."

"Na wewe?"

"Panda, mama. Leo usinibishie."

Alipanda. Alimnyanyua mama yake mzima juu ya mabega, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, akamsukuma. Mama akaangukia upande wa pili, kwenye mbao za jirani seremala. Akainuka, akapanda juu ya zile mbao, akaingiza mikono dirishani. Akaipata mikono ya mwanawe.

Ili apande, alihitaji kujisukuma kwa mguu. Mama anasema, "Alikuwa anaruka, anarudi. Anaruka, anarudi. Goti halimpi. Mimi navuta, nguvu sina. Nikamwambia njoo, baba, njoo. Akaniambia, mama sogea, vioo vitakukata."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema. Mama sogea, vioo vitakukata.

Seremala alikuja na ngazi, akaingia kupitia dirishani, akamtoa. Moto haukuugusa mwili wake. Nywele hazikuungua. Lakini moshi ulikuwa umekwisha kuingia kifuani. Hospitali walijitahidi. Kabla jua halijazama, Unyoya alikuwa ametutoka.

Kijiweni kwake wenzake hawakupakia abiria siku ya maziko. Walizisukuma pikipiki zao kwa miguu, zimezimwa, toka nyumbani mpaka makaburini. Yule mzee mwenye kidonda alikuja kwa kutembea. Walipomuuliza kwa nini hakupanda pikipiki, akasema, "Ya nani?"

Tulimuuliza fundi tuwaambie nini. Akasema msiichukie betri. Ukibadilisha betri, badilisha na chaja. Betri ya lithiamu iliyokwisha kabisa usiifufue nyumbani, mpelekee anayeijua. Ikivimba, ikiwa ya moto, ikitoa harufu ngeni, usiichaji. Chajia nje, juu ya sakafu tupu, mbali na nguo, mbali na magodoro, na wewe uwepo unaiangalia. Na ikianza kutoa moshi, usiipiganie. Toka. Toka na watu wako.

Mimi nami nina kijana barabarani. Nilipomaliza kuongea na mama huyu nilimpigia simu, nikamuuliza anachajia wapi. Akaniambia, "Mama, usianze." Nimeanza. Na nyinyi muanze.

Kwa mama yetu mshonaji, pole sana. Hatuna cha kukupa kinachotosha. Kwa dada yake marehemu, pole, mshike mama mkono usimwachie. Kwa seremala aliyeingia kwenye ule moshi, Mungu akubariki. Kwa madereva wote wa kijiweni, poleni, ndugu zangu.

Tulimuuliza mama kama ana neno kwa wanaosikiliza.  Akasema, "Waambie waitoe mlangoni. Sasa hivi. Wasingoje kipindi kiishe."

Wasikilizaji wapendwa, kwa kawaida hapa tungenyamaza kwa heshima ya marehemu, kila mtu ameinamisha kichwa. Leo tutanyamaza, lakini usiinamishe kichwa. Inuka. Nenda mlangoni kwako uangalie kilichochomekwa hapo.

Nenda. Redio haitasema kitu mpaka urudi.