Miezi Sita Bila Kadi: Risala ya Waliorudi Nyumbani kwa Mkurugenzi wa Mfuko wa Afya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Afya ya Wananchi; mganga mfawidhi wa kituo hiki; wafanyakazi wa Mfuko mliofuatana na mgeni wetu; ndugu na majirani:

Karibu

Sisi wanachama wa Umoja wa Waliorudi Nyumbani tunakusalimu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi katika ukumbi huu. Tunajua umekuja kufungua dawati jipya la usajili pale mlangoni. Tumeshalichungulia. Lina kiti cha karani na viti viwili vya wateja, na hivyo viwili vimetufurahisha kuliko unavyodhani, maana wengi wetu majibu ya Mfuko tumeyapokea tukiwa wima.

Sisi ni nani

Umoja huu ulianza miaka mitatu iliyopita katika chumba cha nyuma cha karakana ya ushonaji. Tulikuwa saba, tukikaa juu ya marobota ya vitambaa. Leo tumefika sitini na wawili. Huko ng'ambo tulikuwa madereva wa malori, wapishi wa hoteli, walezi wa wazee, mafundi wa kuchomea vyuma. Mimi ninayesoma, katibu wa Umoja, nilipiga deki wodi za hospitali za watu kwa miaka kumi na mmoja.

Kila mtu alirudi kwa sababu yake. Kuna aliyemaliza mkataba, kuna aliyemaliza ndoa, na kuna aliyeamka asubuhi akasema basi, imetosha. Lakini tulipofika kwenye madirisha ya Mfuko, wote tulipewa jibu moja: jina lako limo kwenye mfumo, ila umeandikwa "amehama". Anayekaa nje zaidi ya mwaka huondolewa kwenye orodha, na akirudi anatakiwa aishi nchini miezi sita, akiwa na barua ya ofisi ya mtaa, ndipo asajiliwe upya.

Mgeni rasmi, hatukuja kulilaani sharti hilo. Tunalielewa. Mfuko ni wa wanaokaa na kuchangia, na si haki mtu ashuke na sanduku, atibiwe, apande ndege aondoke. Mwenzetu mmoja amekiri mbele ya kikao kwamba aliwahi kuja likizo akang'olewa jino kwa kadi ya kaka yake. Ameomba tuseme, ili roho yake itulie. Basi tumesema.

Yaliyompata mwenzetu

Tungeweza kukusomea takwimu. Tumeona afadhali tukueleze habari za mtu mmoja. Yumo humu ukumbini na ametupa ruhusa.

Sisi tunamwita Winchi, kwa sababu miaka kumi na sita aliendesha winchi kubwa ya kupakulia makontena katika bandari ya ugenini. Kazi ile inataka macho. Aliturudia akiwa na miaka hamsini na saba, kusaidiana na dada yake mkubwa kumuuguza mama yao. Mama alifariki wiki ya tano. Winchi akaamua kubaki.

Alikuja na presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uwezo wa kuona polepole kutoka pembeni. Daktari wa bandarini alimfungashia dawa ya matone ya miezi mitatu, akamwonya asikose hata siku moja. Kwa hiyo mapema kabisa, kabla hata ya msiba, Winchi alikwenda kwenye ofisi ya Mfuko.

"Mfumo unaonyesha umehama," karani wa dirisha la kwanza akamwambia.

"Dada yangu, mimi ndiye huyu nimesimama hapa. Huyo aliyehama ni nani?"

Watu kwenye foleni walicheka. Karani naye alicheka, kisha akamwandikia tarehe kwenye kipande cha karatasi: miezi sita mbele. Winchi alikunja karatasi ile, akashukuru, akarudi nyumbani. Ni mtu wa kufuata maagizo. Anayebeba makontena juu ya vichwa vya watu huzoea kufuata maagizo.

Dawa ilipokaribia kwisha alianza kuipunja. Matone mawili kwa siku yakawa moja, kisha moja kwa siku mbili. Hakumwambia mtu. Akiba yake ilikuwa imekwenda kwa ugonjwa wa mama, na dada alikuwa ameshabeba ya kutosha, hakutaka kumwongezea.

Dada ndiye aliyegundua. Mwezi wa nne, wakiwa mezani asubuhi, Winchi alimimina chai kando ya kikombe, upande wa kushoto, akaendelea kumimina hadi ikamfikia dada mapajani.

"We! Huoni?"

"Naona."

"Funga jicho la kulia. Haya, vidole vingapi?"

Dada anasema mdogo wake alimuuliza, "Kwani umeinua mkono?"

Kesho yake tuliandamana naye, dada na mimi. Daktari wa macho alituambia la kushoto halirudi tena. La kulia lingeweza kuokolewa kwa upasuaji, ila si kwa kusubiri miezi miwili iliyobaki. Tukaenda moja kwa moja kwenye Mfuko. Dirisha la kwanza: miezi sita. La pili: miezi sita. Wa la tatu hata hakuinua uso. Sisi wenyewe, tuseme ukweli, tulikuwa tumeshawaambia wanachama wengi neno hilohilo, bila kulisoma mahali popote.

Dirisha la nne alikuwepo karani mwanamke, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Yeye aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.

"Kabla hujasafiri, kaka, ulikuwa unachangia?"

"Miaka tisa, nikiwa kiwandani."

"Na huko ulikokuwa, ulikuwa na bima?"

"Ya bandarini. Mpaka siku napanda ndege."

Akatazama saa. "Nisubirini mpaka saa saba."

Saa saba wenzake walitoka kwenda kula. Yeye alitoa kwenye droo kitabu cha kanuni za Mfuko, kile chenye jalada la kijani, akakaa nacho kwenye benchi katikati yetu, akifuata mistari kwa kidole. Kikao kile kilichukua nusu saa nzima. Kisha akatusomea kwa sauti: aliyechangia miaka mitano au zaidi kabla ya kuondoka, na aliyekuwa na bima huko alikokuwa hadi siku ya kurejea, halazimiki kusubiri. Alete barua tu ya bima ya kule.

Dada alimwomba asome tena. Akasoma tena.

Barua ya bandarini ilifika kwa barua pepe siku ya nne. Msimamizi wa kusaini alikuwa likizo ya wiki tatu. Karani akaipitisha kwa saini yake, akaandika pembeni: "mgonjwa wa macho, haiwezi kungoja." Jioni ile jina la Winchi lilirudi kwenye orodha. Siku ya tisa alipasuliwa, na jicho la kulia leo linaona. Hapo alipo, safu ya pili, anakuona.

Tuliyoyafanya baada ya hapo

Tulikinakili kifungu kile kwa lugha nyepesi, ukurasa mmoja, tukakibandika saluni, kwa kinyozi na kwenye karakana yetu. Tumewapigia simu ndugu walio nje: kabla hujafunga sanduku, dai barua ya bima. Watu ishirini na watatu wamerudishiwa kadi bila kusubiri hata siku moja, mmoja wao akiwa mjamzito wa miezi minane. Fomu zao alizijaza Winchi, kila Jumanne, akiinamia meza kwa jicho moja.

Yanayotukwamisha

Barua zinazotoka nje zimeandikwa kwa lugha za huko, na kila ofisi ina lake kuhusu nani azitafsiri. Watoto waliozaliwa ugenini hawana pa kuandikwa kabisa. Na mpaka juzi, dirisha moja linasema ndiyo na la pili yake linasema hapana, siku moja, kwa mtu mmoja.

Tunayoomba

Tunaomba kifungu kile kiandikwe kwa herufi kubwa ukutani, kuanzia dawati hili jipya. Tunaomba wanaolazimika kusubiri, na wapo wanaostahili kusubiri, wapewe angalau dawa zile ambazo mtu akizikosa hakuna kurudi nyuma. Na suala la watoto, tunaliacha mikononi mwako.

Kuna ombi jingine, na tumebishana juu yake vikao viwili. Yule karani alipewa barua ya onyo kwa kusaini mahali pasipo pake. Ameondolewa dirishani, yuko chumba cha mafaili. Tulipomfuata alitusihi tusimtaje, asionekane anajipigia debe; wengine wetu tukaona tumheshimu, tukae kimya. Winchi akasimama. Si msemaji. Alisema hivi, na kikao kikaamua yaandikwe kama alivyoyatamka:

"Mwambieni mkurugenzi sidai jicho. La kushoto limekwenda kwa sababu niliambiwa kanuni na watu ambao hawakuisoma. La kulia limebaki kwa sababu mmoja aliisoma. Sasa huyo mmoja ndiye mwenye barua ya onyo."

Mgeni rasmi, tunaomba barua hiyo itolewe kwenye faili lake, na yeye arudi kukaa mahali ambapo watu watamfikia.

Tumemaliza tuliyotumwa. Mungu akufikishe kwako salama, awape afya walio chini ya uangalizi wako, na siku utakayougua wewe, ukutane na mtu atakayekuuliza maswali.

Ni sisi watu wako,
Umoja wa Waliorudi Nyumbani